Lenzi za Sukari

Jumatatu, 5 Mei 2025
Nimeona maajabu. Dakta Abigail, mkuu wa maabara yetu hapa Kakamega, alituonyesha kioo alichotengeneza Jescah, mwanagenzi mwenzangu. Ni kidogo kuliko ukucha, na kina lenzi elfu kumi! Nikachungulia kwenye hadubini. Taa moja ya dari imekuwa taa zisizohesabika. Dakta akasema ndani ya kamera ya simu mna lenzi kama hizo, kila moja inakusanyia mwanga kijidoa chake cha picha. Kisha akatukumbusha: Ijumaa ataajiri mmoja wetu sisi wawili, mwenye kazi bora. Mwingine aende kwao. Kwetu ni Kabras, kukata miwa. Sitaki.

Jumanne, 6 Mei
Jescah amenieleza kila kitu bila kunificha. Anapaka plastiki kwenye kioo, anaichonga kwa mwanga hadi zibaki nguzo ndogondogo, kisha anazipasha moto. Nguzo zinayeyuka, kila moja inajivuta yenyewe na kuvimba kama tone la umande. Hakuna anayezisugua. Nilikaribia kumpigia makofi. Nikajizuia, huyu ni mpinzani. Yeye alitumia wiki tatu. Mimi nina siku tatu.

Jumatano, 7 Mei
Jescah alienda kula obusuma, ugali wetu. Nikamwagia kioo chake silikoni ya kuganda haraka, nikaibandua. Kalibu safi! Ila plastiki ya kumimina imefungiwa kabatini, na ufunguo anao Jescah. Nikachemsha sukari, nikaimimina kwenye kalibu. Lenzi zimetoka zinang'aa ajabu. Nilizitazama mpaka chai ikapoa. Kalibu nimeitupa chooni kuficha ushahidi.

Alhamisi, 8 Mei
Sisimizi. Wamekula lenzi zote, imebaki kona moja. Si neno. Kona inatosha.

Ijumaa, 9 Mei
Dakta aliitazama kona yangu muda mrefu. Akasema hajawahi kuona nakala safi hivyo. Kichwa kikanivimba. Akaniambia nichungulie mwenyewe. Baina ya lenzi, herufi nyembamba kuliko unywele: J. NAFULA. Jescah alichonga jina lake tangu mwanzo. Sukari haikuacha hata nukta. Jescah alicheka mpaka akakaa chini. Kazi amepewa yeye. Anastahili, na inaniuma.

Jumamosi, 10 Mei
Nafunga mzigo wa Kabras. Nimewaza usiku kucha nilikosea wapi. Nimepata: ni sukari. Sisimizi hawali chumvi. Nimenunua pakiti mbili. Kioo cha Jescah nimekiazima, kiko mfukoni. Yeye bado hajui.