Maua ya Kuazima ya Paskazia

Jumatatu, 28 Oktoba
Kaka Venant kapiga simu. Jumamosi ni Siku ya Marehemu, ukoo mzima unakutana kwake Misungwi kupamba makaburi. Marumaru za bafu lake zimebaki. Za bluu, zenye picha ya samaki. Baba ameshawekewa, mama ameshawekewa. Limebaki kaburi la mke wangu Paskazia.

Nikamwambia Paskazia hakupenda marumaru. Aliteleza jikoni kwa binti yetu Selina, akakaa chini na sufuria ya wali mapajani, akasema akifa asiwekewe kitu kile juu yake. Venant akauliza nani shahidi. Mimi na wali.

Tumekubaliana ataamua Bernadeta, dada wa marehemu. Akikuta maua yamestawi, kaburi libaki la udongo. Akikuta pakavu, marumaru. Nikasema maua yamestawi sana.

Yako matatu. Mawili ni vijiti.

Jumanne, 29 Oktoba
Jirani yangu hapa Buhongwa, Mama Mwaija, ana maua ya njano barazani, kwenye makopo ya rangi. Nimemwomba aniazime mpaka Jumapili. Akasema watu huazima chumvi, Baba Selina, huazima na ungo, lakini maua hajapata kusikia. Nikamwambia ni ya Mama Selina. Akanipa yote.

Kila kopo limeandikwa MAMA MWAIJA kwa rangi ya kucha, maana mtaa huu una wezi. Si tatizo. Nitayafukia makopo, jina litakuwa chini ya udongo. Wakati mwingine akili yangu inanishangaza mwenyewe.

Jumatano, 30 Oktoba
Maua yamesafiri nyuma ya pikapu ya mkaa. Yamefika Misungwi meusi. Nimeyaosha moja moja kwa kitambaa. Venant alikuwa machungani, nikafukia makopo yote bila kuonekana. Kingo bado zinachungulia kidogo. Nimekaa pale kidogo, nikampa Paskazia habari za nyumbani. Kuhusu makopo sikumwambia.

Alhamisi, 31 Oktoba
Maua yamelegea. Nimekumbuka Paskazia, alipokuwa akiuza dagaa, alikuwa akiutilia mchicha wake vumbi la dagaa, ukawa na majani kama masikio ya ndama. Nimenunua gunia sokoni. Nimelimwaga lote juu ya kaburi, nikamwagia maji. Kingo za makopo zimefunikwa pia. Kazi mbili kwa gunia moja!

Nimekumbuka sasa, nikiwa kitandani, kwamba yeye alikuwa akilichanganya kidogo kidogo na udongo. Nadhani haina tofauti.

Ijumaa, 1 Novemba
Ina tofauti.

Venant kauliza harufu ile ni ya nini. Nikasema upepo wa ziwa. Akauliza tangu lini upepo wa ziwa unapitia kwenye zizi lake. Mchana kutwa alikuwa akipanga marumaru kando ya kaburi, taratibu, ili nimwone.

Bernadeta kaingia jioni na kivuko cha Busisi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku kaziba pua kwa khanga.

Jumamosi, 2 Novemba
Asubuhi maua yalikuwa yamesimama wima. Bernadeta kayatazama, kasema mdogo wake angefurahi. Venant kanuna. Nikaona nimeshinda.

Katekista akaanza sala. Tumefumba macho. Nikasikia mbawa. Nikafumbua jicho moja. Korongo, wale wakubwa wa majalalani, wenye mfuko shingoni. Wameshuka kama wakwe waliochelewa, wakajipanga kuzunguka kaburi, wakaanza kula. Venant akawatupia kiatu. Mmoja akashika ua, akavuta. Likatoka na kopo lake. Likabingirika mpaka miguuni kwa Venant.

Venant akalisoma kwa sauti, mbele ya ukoo. Akauliza kama siku hizi maua huota yakiwa na jina la mwenyewe.

Nikamtazama Bernadeta. Alikuwa amekaa chini, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli. Akasema Paskazia alikuwa akitoka mwaloni, pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga, na beseni kichwani, na ndege hawa wakimfuata nyuma kama watoto wa shule, na yule mwenye mguu mbovu, Paskazia alikuwa akimwekea dagaa wake peke yake mfukoni mwa gauni. Akasema, "Tazameni, mpaka huku wamemfuata."

Mguu mbovu. Mimi nilikuwa nimeusahau. Nani mwingine hapa duniani anaukumbuka!

Venant akauliza sasa marumaru je. Bernadeta akajifuta machozi, akasema, "Shemeji, ukiweka marumaru wageni wake watateleza."

Kaburi linabaki la udongo.

Jumapili, 3 Novemba
Nimerudisha makopo. Moja limebonyea. Mama Mwaija kauliza mbona maua yake yananuka mwaloni. Nikasema ni mbolea ya kisasa, sitamtoza chochote.

Nikitazama nyuma, naona kila kitu kilikwenda kama nilivyopanga.

Kabla ya kuachana nimemwahidi Bernadeta kwamba akija Krismasi atakuta mawaridi yanayofika kiunoni. Nimemwambia muuza dagaa aniwekee magunia mawili ya vumbi. Na mzee Muhidin wa nyumba ya kona ana mawaridi. Jioni hii nimepita kumpa shikamoo, nikakaa sana, nikayasifia makopo yake.