Dereva wa Mlango wa Serial

Mamlaka ya Mizani na Vipimo ilipenda kuutangazia umma, kwa furaha isiyo kifani, kwamba kuanzia siku hiyo kompyuta zake zote zingewaka kwa Kiswahili. Mkurugenzi Mkuu aliisoma taarifa hiyo mwenyewe, katika ukumbi wa mapokezi, mbele ya Waziri, wapiga picha, na wafanyakazi walioagizwa kutabasamu. Nyuma yake palitundikwa skrini pana kama mlango wa gereji, ili wananchi waione kwa macho yao serikali ikiamka. Akabonyeza kitufe.

Kompyuta ikaguna, ikapepesa, ikaanza kumwaga maandishi. Kumbukumbu: ipo. Saa: ipo. Kibodi: ipo. Watu wakapigia makofi kila kilichokuwepo. Kisha ikatokea sentensi nyekundu:

ONYO: DEREVA WA MLANGO WA SERIAL HAJASAJILIWA. ANAENDELEA NA KAZI KWA MAZOEA.

Makofi yakafifia mpaka yakabaki ya mzee mmoja asiyeona vizuri, naye akashtuliwa kwa kiwiko. Waziri akavaa miwani, akasoma polepole, akauliza huyo dereva ni nani.

Wapo wakubwa ambao wangejibu kwamba hawajui. Hao hawafiki mbali. Mkurugenzi, katika utumishi wake wote, hakuwa amewahi kumnyima Waziri jibu.

"Tunamshughulikia, Mheshimiwa," akasema.

Sasa, Mamlaka ilikuwa na madereva wawili tu. Mmoja aliendesha lori la kubebea mawe ya kupimia mizani. Mwingine alikuwa shemeji yake Mkurugenzi, kaka wa mkewe, mtu mzima mwenye watoto wa shule, aliyemwendesha bosi wake miaka yote bila kukwaruza hata kioo cha pembeni. Kwa kuwa asubuhi ile gari la Mkurugenzi ndilo lililokuwa limeegeshwa karibu na mlango, upelelezi haukuchukua muda.

Shemeji akaitwa ofisini. Akatoa leseni, akatoa kitambulisho cha kazi, akavipanga mezani. Mkurugenzi akamwambia avirudishe mfukoni, kwani hakuna aliyetilia shaka vyeti vyake. Shida ni kwamba mfumo haumtambui.

"Shemeji, mimi huo mlango wenyewe siujui."

"Ndiyo maana imeandikwa unaendelea kwa mazoea."

Akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Ikaundwa kamati chini ya Makamu Mkurugenzi, mtu wa sauti ya chini na subira ya paka aliyekaa kwenye tundu la panya. Kamati ikazunguka jengo zima kuutafuta Mlango wa Serial. Ikakuta mlango wa jikoni, mlango wa stoo, na mwingine uliogoma kufunguka tangu jengo lijengwe. Huo ukapigwa lakiri kwa tahadhari.

Fundi wa kompyuta hakuwa ameulizwa kitu. Alikuwa dada mwenye shahada mbili na ulimi usio na breki, na maneno ya skrini yalikuwa yametafsiriwa na kamati nyingine wakati yeye yuko likizo. Aliingia kwa Mkurugenzi bila kuitwa, akamkuta na Makamu.

"Bosi, huyo dereva si mtu," akasema. "Ni kipande cha programu kinachoiwezesha kompyuta kuongea na mizani kupitia lile tundu la nyuma. Hilo tundu ndilo mliloliita mlango. Mashine ikiwaka, kinajitambulisha mara mbili, na mara ya pili kinakataliwa. Kuna mstari mmoja umezidi. Niruhusu niufute, habari iishe."

Tumtendee haki Mkurugenzi: alielewa. Alielewa vizuri kabisa. Alielewa pia kwamba mstari ukifutwa, itajulikana kuwa Waziri aliahidiwa kushughulikiwa kwa mtu ambaye hayupo. Akakunja uso wa kiserikali.

"Onyo lile ni ushahidi," akasema. "Atakayeligusa kabla uchunguzi haujakamilika, atakuwa ameharibu ushahidi."

Fundi akamgeukia Makamu kuona kama naye amesikia. Makamu akainamisha kichwa kwa adabu. Alikuwa amesikia.

Nyumbani kwa Mkurugenzi nako hakukukalika. Mkewe hakupiga kelele. Alihamishia mto wake chumba cha watoto na kuanza kumjibu kwa "mm". Siku moja tu alimuuliza mumewe kaka yake amekosa nini. Mkurugenzi akasema ni mambo ya kiufundi, hata yeye hayaelewi, yapo mikononi mwa wataalamu. Mkewe akasema "mm".

Dereva wa lori akahamishiwa gari la bosi. Asubuhi yake kompyuta ikawaka na onyo likawa palepale, jekundu vilevile. Kwa mujibu wa taratibu, naye akasimamishwa. Mawe ya mizani yakabaki stoo bila mtu wa kuyasambaza, na wafanyabiashara wa mjini, kwa uzalendo mkubwa, wakaamua kujipimia wenyewe. Hakuna aliyelalamika isipokuwa wanunuzi.

Mkurugenzi akabaki na gari lisilo na dereva. Kupanda basi kungeshusha hadhi ya Mamlaka, kwa hiyo akajiendesha. Hakuwa ameshika usukani tangu apandishwe cheo. Alifika ofisini kwa gia ya pili kutoka nyumbani hadi getini, akapitia juu ya vyungu vya maua, akashuka jasho likimtiririka, akamwambia mlinzi kuwa vyungu vile viliwekwa vibaya.

Waziri alirudi siku hiyohiyo kusikia matokeo. Wafanyakazi wakapangwa tena ukumbini. Mkurugenzi akaeleza kwa kirefu hatua kali zilizochukuliwa: madereva wawili nje, mlango mmoja umefungwa, nidhamu imeongezeka. Kisha, kwa sababu Waziri alitaka kuona, kompyuta ikawashwa.

Kumbukumbu: ipo. Saa: ipo. Kibodi: ipo.

ONYO: DEREVA WA MLANGO WA SERIAL HAJASAJILIWA.

Waziri hakuvaa hata miwani. Akauliza kama wale wawili wameondolewa, sasa anayeendesha ni nani.

Mkurugenzi alikuwa ameshika funguo za gari. Akazifumbata kiganjani, lakini funguo zikalia, na ukumbi mzima ukazisikia.

"Kwa sasa, Mheshimiwa," akasema Makamu kwa ile sauti yake ya chini, "anaendesha Mkurugenzi mwenyewe."

Mkurugenzi akafungua kinywa aseme kuhusu mstari. Akamwona fundi amesimama karibu na skrini, mikono kifuani, akingoja kwa hamu aulizwe ni lini alimweleza bosi wake, na bosi alimjibu nini. Akakifunga.

Alisimamishwa palepale, kupisha uchunguzi ambao, kwa agizo la Waziri, ulihesabika umekamilika. Gari likabaki kwake kwa muda, kwa kuwa mwingine wa kulitoa pale kwenye vyungu hakuwepo. Mkurugenzi alipotoka nje ya geti, Makamu alimwita fundi na kumwambia kuwa ushahidi hauhitajiki tena. Fundi akaketi, akaufuta mstari, akanywa chai yake ingali moto.

Kesho yake kompyuta ikawaka kimya na safi. Wafanyakazi wakatazamana. Tangu bosi aondoke, walisema, onyo halionekani. Na waliokuwa na mashaka mwanzoni wakakiri kuwa mashine ilimjua mtu wake. Makamu, ambaye sasa alikuwa Kaimu, akawarudisha madereva wote wawili kazini kwa barua ya kuwaomba radhi.

Shemeji akaja jioni nyumbani kwa Mkurugenzi kuchukua gari. Hakuwa na majivuno. Alisalimia, akapokea funguo, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema amesikitika, kwani yeye siku zote alimdhania shemeji yake amesajiliwa.

Hapo uvumilivu ukamwisha Mkurugenzi. Akasema hakuna cha kusajiliwa wala kutosajiliwa, ule ulikuwa mstari mmoja tu umezidi kwenye programu, mashine haimsemi mtu yeyote, na fundi alikuja kumwambia hivyo mapema kabisa, kamati ikiwa bado inatafuta mlango.

Shemeji akaacha kuzungusha funguo. Mke wa Mkurugenzi, aliyekuwa akipita na kikapu cha nguo, akakiweka chini.

"Uliambiwa?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza refu kwa majuma.

Mkurugenzi akamtazama mkewe, akamtazama shemeji, akautazama mlango, ambao ulikuwa mbali. Akakohoa kidogo, akanyoosha shati kama mtu anayetaka kusoma taarifa kwa umma.

"Hapana," akasema. "Mashine haikukosea. Dereva nilikuwa mimi."