Breki ya Kumpendeza Baba Mkwe

Jumatano, tarehe 4 Machi

Simu kutoka kwa baba mkwe. Kasikia kwamba pikipiki aliyotuzawadia siku hizi naisimamisha kwa soli za viatu. Nani kamwambia? Shemeji, nani mwingine! Huyo kaka wa mke wangu anaimezea mate pikipiki hiyo tangu siku tuliyoipokea. Jumapili mzee anakuja kuiendesha mwenyewe. Breki isiposhika, ufunguo unahamia kwa mwanawe. Na mimi kazini kwa miguu, mlinzi wa getini akinicheka!

Mke wangu kasema niite fundi. Fundi wa nini, na mimi nipo? Nimemweleza kwamba breki ni kitu chepesi: unasafisha, unatoa hewa iliyoingia kwenye mafuta yake, basi. Kaniuliza nimeyajua lini hayo. Nimejifanya sijasikia.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Nimefungua breki ya mbele. Uchafu wa kutosha kuanzisha bustani! Ilihitajika brashi ndogo. Nimetumia mswaki wa shemeji, anaouacha hapa kwa siku anazolala kwetu. Umefanya kazi nzuri. Nimeurudisha mahali pake.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Leo kutoa hewa. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anabana mkono wa breki na kuushikilia. Mwingine, chini kwenye gurudumu, anafungua kinati, mafuta yanatoka na vipovu vyake, anakifunga. Hapo ndipo wa kwanza anaachia.

Nimemteua mke wangu abane. Kabana. Nikamwambia aachie. Kaachia. Nikakumbuka kinati bado kiko wazi! Hewa yote ikarudi ndani. Nimemlaumu kwa utii wa kupita kiasi. Ilipotokea mara ya tatu, kasema mimi na pikipiki ni ndugu, wote hatusikii, kaingia zake ndani.

Shemeji akatokea, kataka kusaidia. Thubutu! Nimefunga mkono wa breki kwa mkanda wangu wa suruali na kuendelea peke yangu. Suruali ikashuka. Mama wa nyumba ya jirani kanisalimia, nami nikaitikia kwa heshima zote.

Lakini breki imekaza. Inashika! Inashika kweli! Nimecheza uani, suruali nimeishika mkononi.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Nimeijaribu hadi kona na kurudi. Inasimama papo hapo. Mke wangu, kwa mshangao mkubwa, kanipongeza, kisha kaniomba nisiiguse tena. Nimekubali.

Tatizo ni diski ya breki, ile sahani ya chuma inayobanwa ili gurudumu lisimame. Imepauka, na baba mkwe ni mtu wa kukagua. Nimechukua nta ya kung'arishia meza, nikaipaka pande zote mbili, nikasugua mpaka nikajiona uso. Nina uso mzuri.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Shemeji kalala hapa ili asipitwe na lolote. Asubuhi kalalamika kwamba dawa yetu ya meno ina ladha ya chuma. Nimemshauri asukutue zaidi.

Baba mkwe kafika na gari lake. Kainama, kaiona diski, kaniita mwanangu! Mbele ya shemeji! Kapanda, kaondoka vizuri, kageuza kule mbele, karudi kwa kasi, kabana breki. Pikipiki haikuwa na habari. Ikapita mlangoni, ikapita kwenye kamba ya nguo, ikaondoka na shuka letu, ikaishia kwenye ua wa miti wa jirani.

Mzee kateguka kifundo cha mkono. Akiwa bado ndani ya shuka, kaamuru ufunguo apewe shemeji. Shemeji kaisukuma pikipiki yangu kwa fundi huku akipiga mluzi. Nimelia kidogo, chooni. Niliipenda ile pikipiki.

Mke wangu hasemi nami. Baba mkwe hawezi kushika usukani, kwa hiyo atakaa kwetu mpaka apone. Kabla ya kulala kasema mtu asiliguse gari lake.

Nimelitazama tu, kupitia dirishani. Halafu kwa karibu. Halafu kutoka chini. Masikini, diski zake zina kutu! Mzee anahatarisha maisha na hajui. Kesho akilala mchana nitamfanyia mshangao.