Ombi la Kuambiwa Kosa Langu Kabla ya Mkutano Mkuu

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kujengana katika Huduma.

Mama Mwenyekiti, mpendwa katika Bwana,

Shikamoo, Shangazi. Hiyo ni ya nyumbani. Yanayofuata ni ya kiofisi, na ninayaandika kwa sababu nikisimama mbele yako nitaishia kusema sijambo na kuaga.

Mimi ndiye mkalimani wa ibada ya pili. Wageni wanahubiri kwa Kiingereza, nami nawageuzia Kiswahili, kwa kuwa nimesomeshwa lugha zote mbili na hakuna aliyeniuliza kama naweza kusimama mbele za watu. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu mmenipanga kwenye mkutano wa makanisa kumi na mawili. Kabla sijaaibika huko, nalalamika kwamba kamati yako haijawahi kunitajia kosa hata moja.

Fomu yenu ina visanduku vitatu: Lililopendeza, Lililopendeza Zaidi, na La Kuombea. Kwenye La Kuombea, ambako ndiko kasoro ingekaa, nimeandikiwa mara nane, "Aendelee hivyo hivyo." Naomba nieleze hivyo hivyo ni vipi.

1. Jumapili yangu ya kwanza nilisahau mfano mzima wa mkulima. Mhubiri alinyamaza, akaningoja. Nikatazama viatu vyangu mpaka akaendelea. Mkaandika, "Ana unyenyekevu."

2. Nikawajaribu, Mungu anisamehe. Mhubiri alipofika jambo la tatu, niliwaambia waumini linafanana na la pili. Mkaandika, "Anajua kufupisha." Mzee wa kanisa anayekaa chini ya saa alinipa mkono mara mbili.

3. Hili sikulikusudia. Mgeni alisimulia mkewe alivyougua hadi madaktari wakakata tamaa. Machozi yalinitoka, nikasahau kutafsiri kwamba alipona. Baada ya ibada akina mama walimzunguka kumpa pole ya msiba, na mke mwenyewe, aliyekuwa amekaa kiti cha mbele, akapewa pole kama dada wa marehemu. Aliwaitikia wote "asante", maana ndilo neno la Kiswahili alilokuwa nalo. Mkaandika, "Amegusa mioyo."

4. Si mimi tu. Fundi wa vipaza sauti aliacha spika ipige mluzi sala nzima, na mkamwombea Mungu ampe spika nyingine. Nami si msafi: kwenye fomu ya kiongozi wa kwaya mliyonipa nijaze niliandika "sauti ya malaika", na wewe Shangazi umemsikia.

Kwa hiyo naomba, kikao kijacho, mle darasani mwa watoto mnamokaa magoti yakigusa kidevu, mtu mmoja anitazame usoni anitajie kosa moja, bila kutanguliza sifa. Asipopatikana, aazimwe mkosoaji kutoka kanisa jirani, ikiwezekana asiyetupenda. Atakayesema "aendelee hivyo hivyo" asimamishwe huduma wiki mbili, na akirudi asipongezwe. Mimi niko tayari. Moyo wangu ni mgumu kuliko unavyoonekana.

Nisalimie wajumbe wote, mlinzi wa geti, na watoto hapo nyumbani, pamoja na yule aliyeondoka na kamusi yangu.

Ni mimi, ninayesubiri kurekebishwa,
Mkalimani wa ibada ya pili
(mtoto wa kaka yako)

N.B. Nilimpa dada yangu barua hii aipitie. Alisoma huku anapiga pasi, akasema, "Ndefu. Halafu wewe ukiwa kule mbele unaongea na mimbari. Sisi wa nyuma tunaona midomo tu inacheza." Hakutanguliza hata sifa moja. Nimejifungia chumbani tangu saa nane, chakula napitishiwa dirishani. Ukimaliza kusoma, tafadhali ichane. Kikao kiendelee kama kawaida, ila kwangu mkiweza muongeze kisanduku cha nne, nacho kiwe cha sifa. Dada asiingizwe kwenye kamati yoyote. Mkutanoni nitakwenda. Tangu alasiri nasoma Zaburi kwa sauti, na sasa hivi jirani wa nyumba ya tatu ametuma mtu kuomba nipunguze, mtoto wake amelala.