Hesabu za Karafuu Zilizongoja Kuulizwa

Leo nimeadhirika, wenzangu. Tena mbele ya baba wa msichana niliyemposa!

Kazi yangu mnaijua: karani wa mizani, shamba la karafuu. Karafuu mbichi zinaletwa ndani ya mapakacha ya makuti, napima vyote pamoja, naandika kwenye kikaratasi, basi. Kutoa uzito wa pakacha? Kujumlisha? Sigusi mpaka mtu aulize. (Nijichoshe na hesabu ambayo pengine hakuna atakayeitaka? Nilijiona mjanja kweli.) Mtoto wa meza ulipojaa vikaratasi, vilivyozidi nikavihamishia kwenye kiti cha wageni.

Asubuhi akaingia Mzee Haji, msimamizi wa kuanika karafuu. Ndiye baba yake Zuhura. Posa nimepeleka, jibu bado.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nna jambo dogo tu. Karafuu zetu zikikauka zitajaa magunia mangapi? Lori linakwenda mjini, nnataka kuyaagiza."

"Sasa hivi tu, mzee!" (Ulimi huu!)

Nikavuta mashine ya kuhesabia, ile ya kuzungusha kwa mkono. Kupata magunia, nijue kwanza karafuu kavu. Kujua kavu, nijue mbichi zote. Kujua mbichi, nitoe uzito wa kila pakacha, tangu siku ya kwanza ya msimu. Swali moja, na kazi yote niliyoilaza ikaamka! Nazungusha, jasho linanitoka. Mzee amesimama, maana kiti kina vikaratasi.

Lori likapiga honi.

"Mwanangu, si nlikuuliza magunia tu?"

"Naam, mzee. Bado natoa mapakacha."

"Ya leo?"

"Ya... mwanzo wa msimu."

Nikavuta mtoto wa meza. Umekwama. Nikauvuta kwa nguvu, ukachomoka mzima! Vikaratasi vikaruka chumba kizima, kimoja kikatua juu ya kofia ya mzee. Huko nje lori likaondoka.

Mzee hakukasirika. Alikitoa kile kikaratasi, akakiweka mezani taratibu. Hapo ndipo nilipoona aibu hasa. Mlangoni akageuka.

"Lile jambo la Zuhura, jana tulitaka kukaa tulizungumze. Lakini nshaona kazi yako inavyokwenda. Na sisi tutaanza kulifikiri siku utakayokuja kuuliza."

Kijana hajiulizii posa mwenyewe, mnajua; hutuma mtu. Mjomba aliyenipelekea nimemsimulia, mpaka sasa anacheka. Nani kati yenu ana mjomba asiyejua kucheka?