Tangi la Shemeji

Jumatatu, 8 Juni

Shemeji kapata kiti. Mdogo wake mke wangu, kinyozi, mtu ambaye tangu maradhi haya yaingie hajanyoa hata kichwa kimoja, ndiye mwakilishi wa kata yetu kwenye kamati ya bajeti ya dharura. Halmashauri inaipangua bajeti yote kwa ajili ya ugonjwa. Barabara imefutwa. Uwanja wa mpira umefutwa. Kila kata iombe kitu kimoja tu cha kupambana na maradhi, kwa mdomo wa mtu mmoja.

Na mdomo huo si wangu. Mimi niliyekuwa tarishi pale miaka thelathini na moja. Bajeti zao zote nimezibeba kwa mikono hii kutoka kwa mhasibu hadi kwa mkurugenzi. Nyingine nilizisoma njiani. Nilimuuliza mke wangu, huyo mdogo wako anajua nini kuhusu bajeti? Akasema anajua kusikiliza. Nikatoka nje nikakaa hadi chai ikapoa.

Jumanne, 9 Juni

Kaja na barakoa mpya na kitambulisho shingoni. Kina picha yake, anacheka. Changu cha kazini kilikuwa na picha ya mtu anayesubiri kuzikwa.

Kaja kukusanya maoni. Mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, ni nesi wa zahanati ya hapa kwetu. Akasema zahanati haina maji. Mgonjwa anaambiwa anawe mikono, kisha anaonyeshwa birika. Yeye mwenyewe anabeba ndoo mbili kutoka kisimani kila asubuhi kabla hajamgusa mtu. Shemeji akaandika: tangi la maji la zahanati. Wote wakamsifu kama kaligundua yeye tangi.

Hilo tangi nililisema mimi, miaka minne iliyopita, kwenye msiba wa jirani, nimekaa karibu na masufuria. Nikawakumbusha. Shemeji akasema inawezekana, shemeji, siku ile ulisema mambo mengi. Wakacheka. Hata mkwe wangu, kwa adabu zake, kiganja mdomoni.

Jumatano, 10 Juni

Nimekwenda halmashauri. Karani siku hizi anakaa nyuma ya nailoni kama nyama buchani. Nikamwambia kwa siri, kwa uchungu wa raia mwema, kwamba mwakilishi wa kata yetu jana alikohoa. Ni kweli alikohoa. Mara moja, kwa pilipili ya mke wangu. Pilipili sikuulizwa.

Alhamisi, 11 Juni

Wamemchukua. Gari jeupe, watu wamevaa nguo nyeupe hadi miguuni. Karantini siku kumi na nne, akiumwa asiumwe, ndiyo kanuni. Shemeji akapanda huku anapunga mkono kama mgombea. Mtaa mzima umetoka. Mke wangu analia. Nikamfariji, nikamkumbusha na kiti cha kamati, kwamba hakiwezi kukaa wazi. Akaacha kulia, akanitazama.

Jumamosi, 13 Juni

Katuma picha. Yuko kwenye bweni la chuo. Kitanda cha peke yake, shuka jeupe, chakula mara tatu, dirisha linatazama bustani. Majirani wanamwombea kwa zamu. Fundi viatu, ambaye hajanisalimu tangu nimkosoe soli, kaja kuniomba namba yake ya simu ampe pole.

Mimi kiuno kinaniuma wiki ya pili. Hakuna aliyeuliza.

Nikaenda zahanati kupimwa. Nilimwambia mkwe wangu nahisi homa. Kanipima joto, kasema baba, wewe ni mzima kuliko sisi sote. Nikamwomba aangalie tena. Akasema kuna foleni.

Jumatatu, 15 Juni

Kiti ni changu! Karani kapiga simu mwenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kutembea kwa kifua mbele pale alipomalizia: shemeji yako ndiye aliyekupendekeza, kapiga kutoka karantini, kasema hakuna anayezijua karatasi zetu kama wewe.

Yaani hata kiti hiki kanipa yeye.

Na kitambulisho kipya hakuna, mashine imeharibika. Nivae hicho chake. Wamebandika karatasi chini: kwa niaba ya. Nimejitazama kwenye kioo. Juu uso wangu, kifuani uso wake, na wa kifuani ndio unaopendeza.

Jumatano, 17 Juni

Kikao kimefanyika. Niandike polepole.

Ukumbi mkubwa, watu kumi na tano, viti mita mbili mbili. Kwa sababu ya maambukizi kikao kinapewa saa moja tu. Mwenyekiti akaanza kwa kueleza utaratibu. Mimi wakati huo nilikuwa nabadilisha kiti, nilichopewa hakikuwa na mahali pa kuegemeza mikono. Utaratibu wenyewe nimekuja kuambiwa baadaye. Ni huu: ombi linasomwa, mikono ikitulia, limepita, hakuna hotuba. Mkono mmoja ukiinuka, hilo ni pingamizi, na ombi linawekwa kando.

Kata ya kwanza, glavu. Limepita. Kata ya pili, vitanda. Limepita. Nikashangaa watu hawa hawana la kusema.

Ikafika yetu. Mwenyekiti akasoma: tangi la maji la zahanati, wazo la ndugu yetu kinyozi, ambaye hata akiwa karantini hajaisahau kata yake. Ukumbi ukapiga makofi. Wanampigia makofi mtu asiyekuwepo, na mimi niliyepo nimemvaa shingoni.

Mkono ukapanda. Sikuutuma. Nilitaka jambo dogo tu, iandikwe kwenye kumbukumbu nani alilisema kwanza na ilikuwa msiba wa nani.

Mwenyekiti akavua miwani. Akasema hajawahi kuona kata ikipinga ombi lake yenyewe, lakini utaratibu ni utaratibu, liwekwe kando, tuendelee. Nikasimama kueleza. Karani akanionyesha kwa kidole nipandishe barakoa. Nilipomaliza kuipandisha walikuwa wameshapitisha mashuka ya kata jirani.

Alhamisi, 18 Juni

Mtaani jina langu sasa ni Pingamizi. Fundi viatu ndiye kalianzisha, nina hakika.

Mkwe wangu alichukua ndoo zake mbili akaenda. Mke wangu akasema kwa niaba ya wote wawili, tangu chai hadi chakula cha mchana.

Shemeji kapiga simu. Nikajiandaa kugombana. Akauliza tu, taratibu, shemeji, kulikoni? Nikamwambia mtandao mbovu, nikakata. Mtu akikutukana unajua pa kuanzia. Huyu hata hilo ananinyima.

Jumatatu, 22 Juni

Jana mama mmoja kajifungua zahanati na maji yakaisha katikati. Mkwe wangu akamwachia mama mkwe wa mzazi amshike mtoto, akakimbia kisimani, akarudi na ndoo. Mtoto mzima, mama mzima. Kanisimulia bila kunitazama, anamenya viazi. Mikono yake imepasuka kwa dawa na baridi. Nikasema pole. Akasema ahsante, baba.

Nikaenda kwa karani. Kumbe njia ipo. Aliyepinga anaweza kuondoa pingamizi lake kabla bajeti haijafungwa tarehe thelathini. Kuna fomu, imeshachapwa, inakwenda kwa mkurugenzi. Aliyepinga anaweka saini tu. Akarudia, saini tu, mzee, kwa sababu fomu ikiongezwa hata neno moja ni batili, na tangi linapewa kata jirani. Nikaisoma fomu. Imeandikwa: naondoa pingamizi langu dhidi ya wazo la ndugu kinyozi. Nikamwambia nitarudi, nimesahau miwani. Miwani ilikuwa mfukoni.

Alhamisi, 25 Juni

Karudi. Kanenepa. Mashavu kama kapelekwa harusini, si karantini. Mtaa umejipanga mita mbili mbili kumpokea, na yeye kaja kwangu kwanza. Kasimama pale kwenye ngazi. Kasema anajua nani alipeleka habari za kikohozi, karani kamweleza, na hana kinyongo, kwanza kapumzika. Anachoomba ni saini yangu. Kasema tangi likija, bomba tutalifungua wawili, mkono wako na wangu, shemeji.

Wawili. Na picha ikipigwa, nani atakuwa upande wa mbele?

Nikamwambia kesho asubuhi. Mke wangu akasema atanisindikiza.

Ijumaa, 26 Juni

Nimeweka saini. Mke wangu kanifikisha hadi mlango wa halmashauri, watu wa nje hawaruhusiwi kuingia wawili wawili. Mkwe wangu kaniazima kalamu ya zahanati. Karani kapitisha fomu chini ya nailoni, akaweka kidole kwenye mstari. Hapa tu, mzee. Nikamwambia mwanangu, nimebeba karatasi za ofisi hii kabla hujazaliwa.

Akageuka kutafuta mhuri.

Chini ya saini palikuwa na nafasi nyeupe, upana wa kidole. Ikiachwa wazi hivyo hata haipendezi. Nikaandika kwa herufi ndogo, kama sisimizi wamepita: wazo hili lilisemwa kwanza na mwenye saini hii, msibani, miaka minne iliyopita. Karani akagonga mhuri pembeni bila kuangalia, akatia fomu kwenye bahasha, akaibandika.

Nyumbani wamenipokea vizuri. Mke wangu kanipa kiti cha kivulini. Shemeji kaninyoa bure, ndevu na kichwa, na kunisifia kisogo. Mkwe wangu kanishukuru hadi nikaona haya kidogo, akasema Jumatatu ataanza kupima mahali pa kuliweka tangi.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Huyu mkurugenzi mpya wanasema ni mtu makini, kila karatasi anaisoma hadi mstari wa mwisho. Hapo ndipo nilipoweka matumaini yangu yote.