Sehemu ya Pili ya Kigong'ota

Kapkatet,
Agosti 1996

Kwa Mhariri, Jarida la Mabawa

Bwana Mhariri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwa wapenzi wa ndege wa huku Kapkatet. Sisi ni wazima na majani ya chai yanachunika, ila mimi nina hasira nawe. Nasikia mmefunga Mabawa kwa sababu halina wasomaji. Kwa kufanya hivyo umekwamisha posa ya binti yangu Cheptoo, na malalamiko yangu ni haya:

1. Si kweli kwamba hamna wasomaji. Nakala yetu hununuliwa Sotik. Nikimaliza kuisoma, inakwenda kwa kwaya, halafu kwa kamati ya josho la ng'ombe. Mwisho jirani yangu Gichana huibandika ukutani, na wageni wake husoma nyumba nzima. Watu wote hao, nakala moja. Mnataka wasomaji wa namna gani?

2. Toleo la mwisho lilikuwa na makala ya kigong'ota, yule ndege anayetoboa miti. Mlieleza mlio wake vizuri mno, hata asiyemjua angeweza kumwiga. Mkaahidi kwamba sehemu ya pili itasema kwa nini analia. Kisha mkafunga. Mtu hapewi ugali akanyimwa mboga.

3. Wazee wa posa hutoka Mulot wakiongozwa na Mzee Kimeli. Kwetu, ukienda posa na kigong'ota akulilie upande wa kushoto, ni mkosi, unageuza na kurudi. Tangu toleo lile wamekuja mara tatu, na kila mara amelia pale langoni, kushoto, karibu na jikoni. Wamegeuza hata chai hawajaonja. Mursik, maziwa ya mgando tuliyowawekea wageni, tumeinywa wenyewe mpaka matumbo yakalalamika.

4. Mzee Kimeli hanisikii mimi, lakini maandishi anayaheshimu, maana ni mzee wa kanisa. Tukakubaliana tungoje sehemu ya pili. Ikisema kigong'ota hulia kwa njaa tu, ataingia. Yaani ndoa hii iko mezani kwako, Bwana Mhariri, na wewe umefunga ofisi ukaenda na funguo.

Kwa hivyo naomba mtoe toleo moja tu, la nakala moja, sisi itatutosha. Kama karatasi zimewashinda, njoo mwenyewe usimame langoni umweleze Mzee Kimeli kwa mdomo. Na kama hilo pia ni gumu, itabidi umwoe Cheptoo wewe, kwa sababu mama yake nimeshamwahidi harusi Disemba.

Wasalimie wote hapo, mchoraji wa ndege na bawabu pia. Mke wangu Janeffer anakusalimu, na Gichana, na kuta zake.

Wako kwa heshima na hasira,
Joel arap Mosonik

Tanbihi: Nikiwa natafuta stempu nimemsikia kigong'ota, na leo hatuna wageni. Nimefuata sauti mpaka jikoni. Nimemkuta Cheptoo, leso kichwani, makala yenu magotini, anafanya mazoezi. Ameniambia hataki kwenda Mulot, anataka kurudi shule, na kwamba hakuna aliyemwuliza. Ni kweli, sikumwuliza, na nimeona haya. Tafadhali sehemu ya pili msiitoe. Kama mmeshaichapisha, ichomeni, Mzee Kimeli asije akajua kwamba kigong'ota wetu huvaa leso.